Chokaa Kwenye Korido

"Hivi kweli, katika nyumba zote za mtaa huu, yenu ndiyo imeonekana inafaa kuwa ya mauaji?"

Jirani wa mlango wa pili aliuliza hivyo bombani. Ndoo yake ilikuwa imeshajaa, maji yanamwagika pembeni, na yeye hana dalili ya kuiondoa. Wanawake waliokuwa kwenye foleni wakanyamaza ghafla ili wasipitwe na jibu. Mama Pasi alisogeza ndoo yake mbele hatua moja, akawa anatazama maji.

Hawakumwita Mama Pasi bure. Alikuwa akifua na kunyoosha nguo za watu, na hakuna aliyewahi kurudishiwa shati lenye mkunjo. Walimu, makarani, mabwana harusi, wote kola zao zilipita mikononi mwake. Mtu anayewang'arisha wenzake namna hiyo kuambiwa nyumba yake ni ya mauaji, lile halikuwa swali. Lilikuwa kofi.

"Jibu basi, mwenzangu, mimi nauliza tu," jirani akaendelea. "Jana nimemsikia yule bwana wa kofia kwa masikio yangu haya. Kasema, 'Tazameni ukuta huu, masizi matupu, hata hatuna haja ya kupaka kitu.' Wakacheka wote. Na binti yako yupo hapo hapo, kabeba masanduku yao. Au hukusikia? Ulikuwa jikoni."

Alikuwa jikoni, na alisikia. Maneno yale yalikuwa yamemkaa kifuani tangu jana kama tonge kavu lisilopata maji.

"Ni sinema tu," akasema.

"Sinema, eeh. Basi tutakaa tuitazame, tukiuona ule ukuta tuseme, aa, huo tunaujua!"

Foleni nzima ikaangua kicheko. Mama Pasi akajitwika ndoo yake, shingo imenyooka, akaondoka bila kumwaga hata tone.

Nyumbani alisimama koridoni akautazama ukuta kama anavyotazamwa mgeni. Ilikuwa korido nyembamba, ndefu kuliko ilivyostahili nyumba yenyewe. Kushoto chumba alicholala yeye na binti yake, kulia chumba cha mama mkwe wake, mbele kabisa mlango wa jikoni na mlango wa uani imekaa pamoja kama ndugu wasiopendana. Masizi ya mkaa wa pasi yalikuwa yamepanda ukutani mpaka juu. Na katikati, usawa wa kiuno, palikuwa na mstari mweusi uliochorwa na mpini wa baiskeli ya marehemu mumewe. Miaka yote ile aliiegemeza pale pale, kila jioni, hata aambiwe nini.

Binti yake waliyemwita Kidoti, kwa sababu ya alama iliyokuwa shavuni mwake, hakuwepo. Alikwenda ofisini kwa mwongozaji wa filamu kutazama picha walizopiga jana na kuchaji betri. Alipiga simu kusema atalala kwa dada anayeshughulikia mavazi ya waigizaji, waje wote kwa pamoja Jumamosi asubuhi. Kabla hajakata akasema tena lile alilokuwa amelisema mara ishirini tangu jana.

"Mama, Jumamosi kamera ni yangu. Umesikia? Ni yangu."

Kwa miaka mitatu Kidoti alikuwa akimbebea mzigo mpiga picha mmoja waliyemwita Fundi, anakunja nyaya, anafuta lenzi, anashika mwamvuli jua likiwa kali. Jumamosi hii Fundi alikuwa na kazi ya kupiga harusi, na mwongozaji akasema, haya, binti na ashike kamera. Picha ya korido ikitoka vizuri, jina lake litaandikwa kuwa ndiye mpiga picha, na kazi zijazo ni zake. Isipotoka, atarudi kwenye nyaya.

Mama Pasi aliwaza jambo moja tu. Siku mwanangu anashika kamera, hawatacheka ukuta wa nyumbani kwake.

Akampeleka mama mkwe uani kwenye jua, akamkalisha na kikombe cha chai. Akajifunga nguo kiunoni, akamtaja Mungu, akaanza. Alisugua kwa sabuni na jivu mpaka maji yakageuka wino. Mstari wa baiskeli aliuacha mpaka mwisho. Aliuzunguka, akaurudia, akauzunguka tena. Kisha akakaza mkono, nao ukaondoka kama mengine. Juu yake akapaka chokaa, mara ya kwanza na mara ya pili, na sakafuni akapiga nta mpaka ukiinama unajiona. Alipomaliza mgongo ulikuwa unamwaka moto. Akasimama mlangoni akaitazama korido yake nyeupe, akasema kwa sauti, "Sasa waje."

*

Walikuja saa tatu asubuhi. Mbele mwongozaji na kofia yake, nyuma yake Kidoti na sanduku la kamera, kisha kijana wa sauti waliyemwita Masikio, na wa mwisho mwigizaji. Huyu walimwita Mwalimu, kwa kuwa ndiyo kazi yake siku za kawaida. Alikuwa amepata uhamisho, kesho yake anasafiri. Kila kitu chake kilikuwa hakina budi kumalizika leo.

Mwongozaji aliweka mguu mmoja ndani, wa pili ukabaki nje.

"Nani amefanya hivi?"

Mama Pasi alikuwa amevaa gauni lake la kwendea ibadani. Akatabasamu. "Karibuni. Nimewasafishia kidogo."

"Kidogo?" Mwongozaji alivua kofia. "Mama, umeniua. Kidoti! Njoo uone alichofanya mama yako."

Kidoti alichungulia begani kwake. Sanduku likamshuka taratibu mpaka sakafuni.

"Lete picha za juzi," mwongozaji akasema. "Mwonyeshe."

Kikatolewa kioo kidogo cha kutazamia picha, kikawekwa mbele ya Mama Pasi. Akamwona Mwalimu anaingia nyumbani kwake, anasimama koridoni, anautazama ukuta mweusi wenye mstari, kisha anaingia chumbani, anajilaza.

"Unaona? Hapo ni juzi, lakini kwenye filamu ni siku hiyo hiyo, ni saa hiyo hiyo. Sasa leo anatoka chumbani arukiwe na muuaji, ukuta mweupe pe! Mtazamaji atadhani kalala mwaka mzima. Soma mwenyewe, mama. Au hata picha husomi?"

Masikio alijifanya anafunga kamba za viatu. Mlangoni majirani walikuwa wameshafika, yule wa mlango wa pili akiwa mbele kabisa. Mama Pasi alikitazama kioo mpaka picha ikaisha yenyewe.

"Nimesoma," akasema.

"Mkuu, huyo ni mama yangu," Kidoti akasema.

"Najua. Ndiyo maana tatizo ni lako. Nyumba umenipa wewe, ulinzi wa nyumba ni wako." Alikuwa ameshatoa simu. "Fundi! Harusi inaisha saa ngapi? Njoo moja kwa moja. Mtoto kaniharibia. Ndiyo. Saa tisa, sawa." Akairudisha simu mfukoni. "Kamera irudi kwenye sanduku. Fundi akija tutatundika kitambaa cheusi ukutani, tutapiga sura na kisu, basi. Wewe kunja nyaya."

*

Jikoni, Kidoti alikaa kwenye kigoda, kichwa amekishika kwa mikono miwili.

"Ungeniuliza, mama. Simu unayo."

"Nikuulize ruhusa ya kusafisha nyumba yangu?"

"Ule uchafu ndio walioutaka!"

"Na mimi uchafu huo huo ndio niliochekewa bombani."

Nje mwongozaji alisikika akimwagiza Masikio kitambaa. Kidoti akauliza kwa sauti ndogo, "Hata mstari wa baiskeli ya baba?"

"Hata huo."

Mama Pasi akageuka akaanza kupanga vikombe vilivyokwisha kupangwa.

"Kumbe ni nyinyi!" Sauti ilitoka mlangoni. Bibi yake Kidoti alikuwa amefika akiburuta miguu, mkono mmoja ukipapasa fremu. Macho yake yalikuwa yamefunikwa na mtoto wa jicho, na wiki hii mafua nayo yalikuwa yameziba pua. "Mngesema mapema mmepaka chokaa, nisingekufa kwa hofu."

"Hofu ya nini, mama?" Mama Pasi akauliza.

"Unaniuliza? Jana umenirudisha ndani kwa kunishika mkono, sikugusa ukuta. Alfajiri nimeamka nikasema niende uani. Nikanyoosha mkono. Mimi siendi kwa macho, mkwe wangu, naenda kwa ukuta. Nikitoka mlangoni kwangu pana gamba. Hatua nne, tundu la msumari. Kisha ule mstari wa mwanangu, unakwaruza kidogo, hapo najua nimefika katikati. Basi leo nashika, hakuna. Nashika tena, hakuna! Laini kama shavu la kichanga. Nikasema, hee, nyumba ya nani hii? Nikasimama. Moyo unatwanga. Nikataka kuita, nikajizuia."

"Kwa nini ulijizuia?" Kidoti akauliza.

"Niite nimwonyeshe nilipo?"

"Umwonyeshe nani, bibi?"

"Aliyeufuta ukuta! Ningejuaje kama ni mama yako? Mwizi namwelewa, anakuja kuchukua. Huyu aliyeingia nyumba ya watu akasafisha, anataka nini?"

Mama Pasi alishindwa kujizuia, akacheka mpaka akashika ukingo wa meza. Bibi naye akacheka, bila kujua wanacheka nini. Kidoti hakucheka. Alikuwa amesimama.

"Bibi, rudia hapo mwisho."

"Wapi? Pa mwizi?"

"Baada ya mwizi."

"Anataka nini," bibi akasema. "Ndilo nililojiuliza. Anataka nini?"

*

Mwongozaji alikuwa uani, amekalia kiti cha mwenye nyumba na kunywa chai ya mwenye nyumba. Kidoti alimsimamia mbele, mikono nyuma.

"Mkuu, juzi tulimpiga Mwalimu akiutazama ukuta mchafu, akaingia kulala. Leo aamke, atoke koridoni, akute ni mweupe. Bado mbichi. Ndoo ipo katikati, maji yake bado yanazunguka. Hakuna mtu."

"Na muuaji?"

"Haonekani."

"Kisu?"

"Hakuna kisu."

"Basi umeniletea filamu ya usafi," mwongozaji akasema. Masikio akacheka, akaona amecheka peke yake, akaacha.

"Mtu akimrukia na kisu, mtazamaji atashtuka mara moja, atacheka, yameisha," Kidoti akasema. Sauti ilikuwa imeanza kukaza. "Lakini akijua ndani mna mtu na hajui yuko chumba gani, huyo hapumui. Na tusimwonyeshe vyumba vyote. Kamera ikae chini, kule mlangoni mwa jikoni, fremu izibe nusu ya picha, kama jicho la mtu aliyechuchumaa. Tusogee polepole, polepole mpaka mtazamaji aanze kujiuliza, hivi anayemtazama huyu bwana ni nani? Ni mimi, au kuna mwingine?"

Mwongozaji alimgeukia Mwalimu, kama mtu anayetafuta wa kumcheka naye.

"Mkuu, usinitazame mimi," Mwalimu akasema. "Mimi ndiye ninayelala humo, na nimeshaanza kuogopa kuamka."

Mwongozaji akatazama saa yake. "Fundi anafika saa tisa. Kabla ya hapo chezea utakavyo. Mara moja tu, sirudii. Lakini reli hatunazo. Hiyo kamera utaisogeza kwa nini, kwa maombi?"

"Kwa blanketi."

Alikuwa Mama Pasi, amesimama mlangoni na birika. Wote wakamgeukia.

"Sakafu nimeipiga nta," akasema. "Kabati la nguo nimelihamisha peke yangu kwa blanketi, na ni zito kuliko huyu. Akae juu yake na kamera, mimi nimsukume kwa nyuma."

"Mama, hapa kinachotakiwa ni mkono usiotikisika," mwongozaji akasema, safari hii bila kufoka.

"Nanyoosha mashati kwa pasi ya mkaa kutwa nzima. Ukiikimbiza inakunja, ukiisimamisha inaunguza. Mkono wangu hauruki, baba."

Mwongozaji akainua kikombe, akanywa chai.

*

Kidoti alizima taa zote za kukodi. Mwongozaji alilalamika kidogo, lakini binti hakuwa anamsikiliza yeye. Alikuwa anamwuliza mama yake habari za jua.

"Lile la tundu la hewa juu ya mlango wa uani, linaingia saa ngapi?"

"Saa nane na robo linagusa ukuta. Saa nane na nusu liko mlangoni kwa bibi yako, dakika chache tu, kisha linatoka. Hapo ndipo natundika mashati meupe nione kama yamebaki na doa."

"Basi tutapiga saa nane na nusu."

Bibi aliombwa ahamie kwa jirani, akakataa katakata. "Nimeolewa chumba hiki," akasema. "Sitoki kwa sababu ya sinema." Wakakubaliana akae ndani, kitandani karibu na mlango, na asikohoe hata mafua yampandeje. Mlango wenyewe ulikuwa hauna kitasa siku nyingi. Upepo wa uani uliuchezea, ukaenda na kurudi, bawaba zikilia.

"Huo mlango unanikera," Masikio akasema, hedifoni masikioni. "Utieni mafuta."

"Uache," Kidoti akamjibu. "Uache ulie."

Ndoo ikawekwa katikati ya korido, na ndani yake brashi ya chokaa. Mama Pasi akaoneshwa jinsi ya kukoroga maji kwa nguvu na kutoweka kabla hayajatulia. Alifanya mara mbili, ya tatu akasema ameelewa. Akalikunja blanketi mara nne, akalilaza mlangoni mwa jikoni. Kidoti akakaa juu yake, miguu mbele, kamera katikati ya magoti karibu kabisa na sakafu. Mama yake akapiga magoti nyuma.

"Utanihisi mgongoni," Kidoti akamnong'oneza. "Nikivuta pumzi, sukuma. Nikishusha, legeza."

"Nilikulea hivyo hivyo," mama yake akasema. "Haya, Mungu yupo."

Saa nane na robo jua likaanguka kutoka kwenye tundu, jembamba kama utepe, likaanza kutambaa juu ya ukuta mweupe. Lilipokaribia mlango wa bibi, Mama Pasi akakimbia akakoroga ndoo, akarudi kwa vidole vya miguu, akapiga magoti. Mwongozaji akainua mkono, akaushusha.

Mwalimu alitoka chumbani akifikicha macho. Akapiga hatua mbili, akanyoosha mkono kujishikiza ukutani kama mtu aliyezoea nyumba yake. Akasimama. Akautazama mkono wake. Kiganja kilikuwa na weupe.

Kidoti akavuta pumzi. Mikono miwili ikamgusa mgongoni, blanketi likasogea upana wa vidole vitatu, bila sauti. Fremu ya mlango, iliyokuwa imeziba nusu ya picha, ikaanza kuondoka kidogo kidogo, kama mtu anayesogeza uso ili achungulie.

Mwalimu aliuinua uso. Ukuta ulikuwa mweupe mpaka mwisho. Akaiona ndoo. Maji yalikuwa bado yanazunguka, brashi inazunguka nayo, inagonga ukingo, tk, tk. Mlango wa bibi ukaenda na kurudi. Kwii. Kimya. Kwii. Utepe wa jua ulikuwa umeufikia, ukawa unaukata mlango kwa juu, chini yote giza.

Pumzi nyingine. Vidole vitatu vingine. Mama Pasi hakuona picha yoyote. Aliona mgongo wa mwanawe, shati alilolinyoosha mwenyewe, na jasho lililolilowesha katikati ya mabega. Lakini mikono yake ilijua mwendo. Siku zote za maisha yake hakuna aliyewahi kumwambia kwamba mwendo ule una thamani nyingine zaidi ya kola ya karani.

Mlango ukalia. Kwii. Kimya. Kwii.

Kisha ukakoma.

Haukufungwa. Ulisimama nusu, pale pale kwenye utepe wa jua, na upepo bado unavuma, kwa maana pazia la jikoni lilikuwa linacheza. Masikio aliinua mkono akashika hedifoni yake. Mwalimu hakuwa ameambiwa habari hiyo. Mkono wenye chokaa ukabaki hewani, umesahauliwa. Mama Pasi alisimamisha mikono bila kuambiwa. Kamera ikasimama. Kidoti hakuipeleka mlangoni, ingawa kila mshipa wa mwili wake ulitaka. Akaiacha kwa Mwalimu, uso wake upande mmoja, ule mlango upande wa pili, na katikati ukuta mweupe usio na kitu.

Brashi iligonga ndoo mara moja ya mwisho, maji yakatulia.

"Kata," mwongozaji akasema, kwa sauti ya mtu aliyeamshwa.

Kutoka nyuma ya mlango bibi akauliza, "Mmemaliza? Nimeushika mlango mimi. Niliona unawapigia kelele."

"Bibi!" Masikio alivua hedifoni, akajikalia sakafuni. "Umenitoa roho, bibi yangu!"

"Iokote," bibi akajibu. "Ningeiona ningekusaidia."

Mwalimu alicheka, akaegemea ukuta, shati lake likachapika chokaa begani. Kidoti akageuka juu ya blanketi akamtazama mama yake. Mama Pasi alikuwa bado amepiga magoti, uso umejaa jasho, na amenyanyua kidevu kama siku ile anatoka bombani na ndoo kichwani.

*

Mwongozaji aliitazama picha uani kwenye kioo kidogo, amekiinamia peke yake. Ilipoisha hakusema ni nzuri. Alisema, "Si mbaya," akavaa kofia. "Lakini watu wanataka kisu. Fundi akifika tutapiga na kisu vilevile, halafu tutaona ipi inabaki."

"Na jina?" Kidoti akauliza.

"Jina ni la atakayepiga itakayobaki."

Fundi akafika saa tisa na dakika zake, mtu mkubwa, bado na suti ya harusini, mkoba wa kamera yake begani. Aliingia kwa lango la uani. Kidoti alinyanyuka haraka, kama mwanafunzi, akampisha kiti, akakaa chini na kamera mapajani.

"Ehe," Fundi akasema. "Mtoto kaharibu nini?"

"Tazama hiyo," mwongozaji akasema. "Halafu tuipige upya, na kisu, ushike wewe."

Fundi aliketi, akatazama bila kubadilisha uso. Ilipoisha akairudisha mwanzo. Akatazama tena. Pale mlango ulipokoma, kidole chake kilichokuwa kinagongagonga goti kikakoma pia.

"Reli mmezitoa wapi?"

"Hatuna reli," Kidoti akasema. "Ni blanketi."

"Nani kasukuma?"

Mama Pasi akainua mkono. Fundi akautazama mkono ule kwa muda, kisha akamwinamia kichwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Taa?"

"Jua," Kidoti akasema.

"Na mlango uliusimamishaje?"

Kidoti angeweza kudanganya. Bibi mwenyewe alikuwa amesinzia chumbani, na mwongozaji asingesema. "Ule hatukuupanga," akasema. "Bibi aliushika."

"Lakini ulipokoma, hukuufuata kwa kamera."

"Sikuufuata."

"Kwa nini?"

"Ningeonyesha mlango, mtu angeona ni mlango tu."

Mwongozaji alipiga makofi mawili ya kuhimiza. "Fundi, muda unakwenda, mwigizaji anasafiri. Kisu kile pale mezani. Tuanze."

Fundi alisimama. Aliinama, akaichukua kamera kutoka mapajani mwa Kidoti kwa mikono miwili, na binti akaiachia, midomo ameibana, akajua kwamba yamekwisha. Fundi akaitazama lenzi dhidi ya mwanga. Akatoa kitambaa cha mfukoni mwa suti yake ya harusi, akafuta alama ya chokaa iliyokuwa pembeni. Akapuliza. Kisha akairudisha mapajani mwa Kidoti, akaukaza mkanda wake shingoni mwa binti kama anayemfunga mtoto sweta.

"Fundi?" mwongozaji akasema.

Fundi alichukua mkoba wake. Hakutoka kwa lango la uani aliloingilia, alipita ndani. Koridoni, kwa vile alikuwa mtu mkubwa na njia ni nyembamba, aliukumbatia mkoba kifuani na kukunja mabega yote mawili ili asiguse ukuta, akatembea hivyo mpaka mwisho, akatoka.